Ngazi Juu ya Mwamba

Tororo, 18 Januari 2025

Shangazi Zainah,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Leo nyumbani tumeamka wazima, ila Mama amegombana na vumbi. Anafuta chupa ya chai asubuhi, akirudi sokoni anaikuta imevaa vumbi jipya, anafuta tena. Baba yuko njiani na lori. Jana alipiga simu kutoka foleni ya mpakani Malaba, akasema malori yamesimama kama miti iliyopandwa. Kaka Mujib ameanza kufuga ndevu na anataka tuziheshimu. Mimi nimemaliza shule na nangoja matokeo.

Nisamehe kwamba naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu unanijua. Unaita, "Twahira, uko?" na mimi niko, lakini maneno hayapo. Tena ile picha niliyokutumia kwa WhatsApp ulisema huwezi kujua kama ugonjwa ni wa picha au ni wa WhatsApp yenyewe, kwa sababu inazibana picha. Kwa hiyo nimefunga memori kadi ndani ya karatasi hii. Nitampa Rasto, yule wa pikapu ya mayai anayekwenda Busia kila wiki. Amesema anajua pa kukupata.

Jambo lenyewe ni hili. Nilipiga picha ya Mwamba wa Tororo alfajiri, kwa kamera uliyonipa nilipomaliza mtihani. Chini picha ni nzuri. Mwamba uko wazi, hata ufa wake unaonekana. Lakini juu, mahali ambapo rangi ya machungwa inatakiwa kuingia polepole ndani ya buluu, haiingii polepole. Inashuka kwa ngazi. Kuna mkanda, halafu mkanda mwingine, na kila mmoja una ukingo wake, kama alama za maji yaliyokauka ndani ya beseni. Nilipokuwa nimesimama pale sikuona ngazi zozote.

Picha hii ina kazi. Mzee Engole anajenga nyumba ya wageni chini ya Mwamba, na Baba ndiye anayempelekea mchanga. Engole anataka picha ya Mwamba kwenye ukuta wa mapokezi, pana kama mlango uliolazwa. Baba akamwambia, "Binti yangu anapiga." Sasa natakiwa kumwonyesha.

Baba ameniambia pia maneno mengine. Shangazi yako akikubali kukuchukua studio kwake Busia ukajifunze kazi, nenda. Ikifika Idd ya kuchinja hajakubali, tunajaza fomu ya chuo cha uuguzi Mbale. Uuguzi ni kazi ya heshima, sisemi vibaya. Lakini mimi nikiona damu ni mimi ninayelazwa.

Kwa hiyo nakuuliza mambo mawili: ngazi zinatoka wapi, na je, naweza kuja?

Mtoto wako,
Twahira


Busia, 31 Januari 2025

Mwanangu Twahira,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Bahasha yako imefika ikinuka kuku, lakini kadi ni nzima. Mwambie mama yako Hajarah kwamba vumbi la huku ni lile lile, linavuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Mwambie Mujib ndevu zitaheshimiwa zikishaonekana. Mimi mguu uliokuwa ukinisumbua umepoa, alhamdulillahi, na sasa napanda ngazi za kweli bila kushika ukuta.

Tuje kwenye ngazi zako. Usianze kutibu kabla hujajua mgonjwa ni nani. Anaweza kuwa skrini, anaweza kuwa faili, anaweza kuwa njia ambayo picha imepitia. Njia tumeiondoa kwa kumtumia Rasto. Zimebaki mbili.

Itazame picha ile ile kwenye skrini nyingine, na nyingine tena. Skrini za bei nafuu hazina rangi za kutosha, zinaonyesha ngazi hata kwenye picha nzima. Lakini kama kila unapofungua unaziona pale pale juu ya Mwamba, ugonjwa uko ndani ya faili. Halafu fungua ile grafu ya mwanga kwenye programu yako. Picha yenye afya ina kilima. Picha iliyochoshwa ina chanuo lenye meno yaliyokatika, jino, pengo, jino, pengo. Niandikie umeona nini.

Niandikie pia ulichokifanya baada ya kupiga. Kila kitu, hata kile unachoona ni kidogo. Nimefungua kadi yako na nimeiona picha, lakini nataka kusikia kwa mdomo wako mwenyewe.

Picha hiyo umeipiga ukiwa umesimama mahali pazuri. Hilo halitibiki baadaye na wewe umelipata mwanzoni.

Salimia wote.

Shangazi yako,
Zainah


Tororo, 9 Februari 2025

Shangazi Zainah,

Salaam na shikamoo kutoka kwa wote. Baba amerudi, amelala siku nzima, ameamka amekula, amelala tena. Mama anashukuru kuhusu mguu. Mujib hajacheka.

Nimefanya kama ulivyosema. Nimeitazama picha kwenye laptopu ya Mujib, kwenye simu ya Baba, halafu Mujib akaiunganisha na televisheni ya sebuleni. Ngazi zipo zote, mahali pale pale. Mama alikuwa anachambua mchele, akainua macho akauliza, "Mbona mbingu imeshonwa vipande vipande?" Nikajua si skrini. Na grafu ni chanuo, Shangazi. Nimehesabu meno yake nikaacha.

Nilichofanya baada ya kupiga ni hiki. Kamera nimeiweka kwenye JPEG, zile faili ndogo, kwa sababu kadi inajaa haraka. Siku ile kulikuwa na ukungu wa kiangazi, vumbi na moshi wa mashamba, na anga lote lilikuwa na rangi moja hafifu. Kwenye programu kuna kitufe cha kuondoa ukungu. Nilikivuta mpaka mwisho, na rangi zikatoka, machungwa kabisa na buluu kabisa. Lakini baada ya hapo anga likawa na chembechembe, kama mtu amenyunyiza chumvi. Nikazisafisha na kile kingine cha kulainisha, mpaka anga likawa kama shuka lililopigwa pasi. Huku kwetu mwezi huu kazi yetu ni kufuta vumbi tu. Niliona chembe nikazifuta, sikufikiri.

Kitu kimoja kinanisumbua. Ukutani kwetu kuna picha ya harusi ya Mama uliyoipiga wewe na kamera ya filamu, na nyuma yake kuna anga la jioni. Nimeisogelea mpaka pua imegusa kioo. Haina ngazi hata moja. Ulifanyaje?

Mzee Engole bado hajapata nafasi ya kuiona picha.

Matokeo bado. Na lile swali langu la pili, Shangazi, kama litakuwa limekupita kwa ajili ya shughuli, nilikuwa nauliza kuhusu kuja.

Mtoto wako,
Twahira


Busia, 27 Februari 2025

Mwanangu Twahira,

Nimechelewa. Pikapu ya Rasto ilivunjika springi, na mayai yakasafiri na mtu mwingine ambaye simwamini na kadi yako. Mwezi mtukufu unaingia kesho kutwa, Mungu akitujalia. Mwambie baba yako Faruku asiendeshe saa za kufuturu, madereva wote barabarani wanakuwa wanafikiria uji.

Sasa sikiliza vizuri. Katika JPEG, kati ya giza kabisa na mwanga kabisa kuna hatua mia mbili hamsini na sita kwa kila rangi. Zinatosha kwa picha nzima. Lakini anga lako la ukungu halikutumia zote. Kwa sababu lilikuwa hafifu, lilikaa kwenye hatua chache tu, pengine thelathini. Halafu wewe ukazivuta hizo thelathini zienee mahali pa mia. Chukua donge la chapati moja ulitandaze lifunike sinia. Litafunika? Litatoboka. Hayo matobo ndiyo mapengo ya chanuo lako, na mapengo ya chanuo ndiyo ngazi za mbinguni.

Kosa la pili ni pasi. Zile chembe zilikuwa zinakusaidia. Mahali mkanda mmoja unapokutana na mwingine, chembe zilikuwa zinavuka mpaka huku na huku, jicho halioni mshono. Ulipozilainisha, ukaufunua mshono wote. Picha ya harusi ya Hajarah ni filamu, na filamu imeumbwa kwa chembe tupu. Sikufanya ujanja wowote.

Anza upya. Iweke kamera kwenye RAW, mimi huiita picha mbichi, ambayo ina hatua maelfu badala ya mia mbili. Kadi ikijaa, ijae. Kwenye programu fanya kazi kwa biti kumi na sita, zinazobeba hatua nyingi zaidi, si nane, mpaka mwisho kabisa. Kitufe cha ukungu ukivute kidogo, uache ukungu uliokuwepo uwepo. Halafu ukimaliza, rudisha chembe kwa mkono wako mwenyewe, kidogo sana, anga lote.

Nimekuchapia vipande vitatu vya anga lako la Januari ili uone. Cha kwanza hakina chembe, cha pili kina kidogo, cha tatu kina nyingi. Vibandike ukutani, rudi nyuma, vitazame kama mgeni aliyeshika begi na anayetaka ufunguo wa chumba.

Matokeo yakija niambie, hata kama ni mabaya.

Zainah


Tororo, 12 Machi 2025

Shangazi Zainah,

Ramadhani karim. Huku tunafunga wote, hata Mujib, ambaye anatutangazia kila saa kwamba anafunga. Mama anakusalimia na anasema ule unga wa mtama uliotuma mwaka jana bado tunausifu. Matokeo ya wenzangu wengine yamechelewa, yangu yametoka. Nimefaulu vizuri kiasi cha Baba kuyataja kwa watu ambao hawajamuuliza. Hili limefanya Mbale ikaribie zaidi, kwa sababu sasa wananichukua bila shida.

Vipande vitatu nimevibandika kwenye ukuta wa varanda. Nikisogea karibu, cha tatu ni kama uji wenye madonge. Nikirudi mpaka mlangoni, cha tatu ni anga, na cha kwanza kina ngazi zake zote. Cha pili ni kizuri karibu na mbali pia. Kwa hiyo nimeelewa. Nimelala nikifikiria kwamba nilichokifuta ndicho kilichokuwa kinashika kila kitu.

Nimetoka baada ya daku kupiga upya, picha mbichi. Ukungu bado ni mzito. Nimeivuta kidogo kama ulivyosema, ngazi zimepungua lakini Mwamba unaonekana kama umechoka.

Nimeona kitu kingine. Vipande vyako vina kona nne zilizonyooka. Shangazi, picha zote za kwetu zilizotoka studio kwako, ya harusi, yangu ya kupewa jina, ya Mujib na baiskeli, kona yake ya chini kushoto imeng'atwa kidogo, kwa sababu wembe wa kile kikatio chako umepinda mwishoni. Nikiwa mdogo nilidhani picha zote duniani ziko hivyo. Umenunua kikatio kipya?

Mzee Engole ana shughuli nyingi sana mwezi huu.

Idd ya kuchinja ni mapema mwezi wa sita. Baba hajauliza, lakini fomu ya Mbale iko juu ya friji.

Mtoto wako,
Twahira


Busia, 6 Aprili 2025

Mwanangu Twahira,

Idd njema, ingawa imeshapita na nyama imeshaisha. Hongera kwa matokeo. Nililia kidogo, halafu nikaendelea na kazi.

Kikatio ni kile kile.

Kuhusu ukungu, programu haitakusaidia zaidi ya hapo. Subiri mvua. Hewa ikishaoshwa, anga lenyewe linakuwa na rangi nyingi, kuanzia chini mpaka juu, na hutakuwa na haja ya kulivuta. Toka asubuhi inayofuata usiku wa mvua kubwa. Piga picha yenye mwanga wa kutosha bila kuunguza sehemu nyeupe, kwa sababu ngazi hupenda kukaa gizani. Ukichapa, omba karatasi isiyong'aa. Karatasi yenye kung'aa inaonyesha kila kosa kama jirani.

Sasa nami nina swali. Mwezi wa pili Engole hakuwa na nafasi. Mwezi wa tatu ana shughuli nyingi. Mtu anayejenga hushinda kwenye jengo lake kutwa akiwapigia mafundi kelele, anatafuta sana mtu wa kumpumzisha. Usinijibu kwa barua. Nenda.

Salimia Faruku. Mwambie dada yake bado anakumbuka alivyokuwa akijificha nyuma ya mlango wageni wakija, mpaka anatimiza miaka kumi na mitano. Asikusumbue sana.

Zainah


Tororo, 24 Aprili 2025

Shangazi Zainah,

Shikamoo. Mama mzima, Baba mzima, Mujib amenyoa. Mvua imefika, na chupa ya chai sasa inafutwa mara moja tu kwa siku.

Baba alikana habari ya mlango. Halafu akacheka peke yake akiosha lori.

Nilikudanganya kuhusu Mzee Engole, au sikukudanganya lakini niliandika vibaya. Hakuwahi kukosa nafasi. Mimi nilikuwa nafika kwenye geti lake na picha ndani ya mkoba, nasoma kibao cha "Mbwa Mkali", narudi. Mbwa mwenyewe sijawahi kumwona.

Jumatatu iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri nikatoka. Mwamba ulikuwa kama umeletwa hapo jana. Anga lilikuwa na rangi ambazo sina majina yake. Nikapiga picha mbichi, nikafanya kazi kwa biti kumi na sita, kitufe cha ukungu sikukigusa. Grafu ikawa kilima. Nikarudisha chembe kidogo tu, kama kipande chako cha pili. Kadi yenye picha hiyo nimeifunga tena humu. Nikaenda kuichapa mjini, saizi ya ukurasa wa daftari, pamoja na ile ya Januari, ili alinganishe.

Engole alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji anakula karanga. Nilimsalimia, nadhani hakusikia, kwa sababu nami sikusikia. Nikaziegemeza picha zote mbili ukutani na kurudi nyuma mpaka kwenye geti. Akatazama. Akaniita.

"Wewe mtoto ya Faruku?"

"Ndiyo, mzee."

"Faruku alisema mtoto yake iko na picha tangu Januari. Mimi nikasema basi pengine mtoto mwenyewe hakuna." Akaonyesha ile ya kwanza kwa ganda la karanga. "Hii naona ngazi kwa mbingu. Nani nataka kupanda?"

Nikaigeuza ikatazama ukuta.

"Hii ingine, hii ni asubuhi. Hii ndiyo mimi naona nikitoka nje." Akasema na sababu inayomfanya atoke nje asubuhi, lakini sitaiandika. Halafu akaisogelea mpaka karibu. "Iko na vumbi kidogo."

"Nimeliweka mimi," nikasema. "Bila vumbi hilo anga linakatika."

Aliniangalia sana, Shangazi. Nikadhani nimeharibu. Akasema, "Basi. Tangu hii mvua ikuje nilikuwa nafikiri mimi peke yangu napenda vumbi ya hapa." Anataka kubwa kwa ukuta wa mbele, na baadaye nyingine kwa kila chumba, za Mwamba, za reli na za soko.

Kisha akauliza nani ataitoa hiyo kubwa. Nikasema, shangazi yangu. Ilitoka yenyewe. Akasema vizuri, wiki ijayo anakwenda Busia kununua vigae, atapita studio kwako aone.

Nilifurahi mpaka nikafika barabarani. Hapo nikakumbuka zile kona nne zilizonyooka, na wewe ulivyonijibu kwa mstari mmoja.

Rasto alipokuja nikamuuliza barua zangu anakupa wapi. Akasema, "Namkuta kwa meza, pale kwa Juliet wanapotoa fotokopi. Tangu ile ya kwanza. Kwani kuna pahali ingine?" Nikasema hapana, hakuna.

Sikuulizi kitu, Shangazi. Kesho yake nilirudi kwa Mzee Engole mwenyewe, bila kutumwa, na safari hii nilisalimia akasikia. Nikamwambia hana haja ya kukutafuta Busia, shangazi yangu atakuja Tororo kupima ukuta. Nimemwahidi kabla sijakuuliza. Nisamehe.

Nikamweleza Baba. Alikwenda kwenye kile chumba cha mbele kinachotazama barabara, ambamo anaweka matairi, akaanza kuyatoa moja moja. Mama akamuuliza anafanya nini, akasema matairi yanahitaji hewa.

Miezi yote hii nimekuwa nikikuuliza kama naweza kuja. Sasa nakuuliza kama wewe unaweza.

Mtoto wako,
Twahira


Busia, 5 Mei 2025

Mwanangu Twahira,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Salamu zote zichukulie kama nimeziandika.

Studio ilifungwa mwezi wa Desemba, wiki chache baada ya kukupa kamera. Hakukuwa na ugomvi. Watu wanapiga picha za paspoti kwa simu, harusi wanapigwa na wapwa zao, na mwenye jengo alipata mtu wa kuuza makava ya simu. Printa niliiuza, taa niliziuza, pazia la nyuma lenye maporomoko ya maji alilichukua mtu wa saluni. Juliet amenipa ncha ya meza yake. Nasaidia kwenye fotokopi, na vile vipande vitatu nilivichapa kwa mashine yake na kuvikata kwa mkasi na rula, ndiyo maana kona zimenyooka.

Barua yako ya kwanza ilinikuta hapo. Uliandika "studio kwake Busia", na mimi sikuweza kuandika kwamba haipo. Nilijua siku nitakapoandika, Faruku atajaza fomu ya Mbale jioni hiyo hiyo. Na kuna lingine. Kwa siku nzima natoa nakala za vitambulisho vya watu. Halafu Rasto anashusha bahasha, na kwa saa moja mtu ananiuliza kuhusu mbingu. Sikutaka hiyo saa ipotee.

Kikatio sikuuza. Kilikuwa chini ya kitanda. Nimekitoa, nimekipangusa, na humu ndani kuna kipande cha anga lako jipya kwenye karatasi isiyong'aa, nilichokikata nacho. Juliet ana mashine pana ya kuchapa mabango na amekubali tuitumie kwa ile kubwa, nikilipia wino. Anga lako halina ngazi, Twahira. Nimelitazama kutoka upande wa pili wa barabara, kati ya malori.

Nitakuja Jumamosi na Rasto. Mwambie Faruku ukuta wa chumba hicho aupake kijivu. Mweupe unadanganya macho, na ukiwa wa bluu kama anavyopenda yeye, nitarudi Busia siku hiyo hiyo.

Zainah


Tororo, 8 Mei 2025

Shangazi Zainah,

Shikamoo. Barua hii Rasto atakupa ukiwa unapanda pikapu yake, kwa hiyo uisome njiani, na ushike mayai vizuri penye tuta la kuingia mjini.

Kipande cha anga kimefika. Kona ya chini kushoto imeng'atwa. Mama amekibandika chini ya picha ya harusi, kona kwa kona, na Mujib anasema sasa ukuta umeingiliwa na panya. Mimi nimekitazama kutoka mlangoni, kutoka uani, na kutoka ng'ambo ya barabara ambako watu wa bodaboda waliniuliza nimepoteza nini.

Mzee Engole anakungoja Jumatatu saa nne. Nilikwenda kumwambia asubuhi hii. Mbwa yupo kweli, ni mdogo, na amelala.

Baba alinunua rangi ya bluu. Nilimsomea sehemu yako ya mwisho. Akarudi dukani, akaja na kijivu, na tangu mchana anapaka mwenyewe, hataki fundi. Alihitaji karatasi za kutandika sakafuni ili rangi isidondokee saruji. Alichukua magazeti yote ya nyumbani, hayakufika ukutani. Akasimama katikati ya chumba akatazama huku na huku, halafu akaenda jikoni akaleta ile fomu iliyokuwa juu ya friji, akaitandika pale kwenye kona, akaweka kopo juu yake.

Mtoto wako,
Twahira